VITENZI VYA MOTO: LUGHA YA KUTAMBUA KASORO ZA KIWASHIO CHA JIKO LA GESI, BUTEMBO NA BENI

Utangulizi

Uundaji wa istilahi za Kiswahili, kama ulivyoendeshwa tangu kuanzishwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa nchini Tanzania mwaka 1967, umekuwa kwa sehemu kubwa kazi ya kutafuta majina. Vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilivyotolewa na Baraza hilo, Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (1990), hata mwongozo wa Tumbo-Masabo na Mwansoko, Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili (1992), vyote vinashughulika zaidi na swali la kitu hiki kiitweje. Swali hilo si dogo, na waliolijibu wamestahili shukrani. Hata hivyo, mtu aliye mbele ya kitu kilichoharibika haanzi na swali hilo. Yeye huanza kwa kuuliza kitu kile kilikuwa kikifanya nini, na sasa kimeacha kufanya nini. Jibu la swali la pili halimo katika nomino. Limo katika kitenzi.

Makala haya yanahakiki lugha ya utengenezaji kwa kutumia mfano mmoja mdogo: kiwashio cha jiko la gesi, jinsi kasoro zake zinavyoelezwa katika karatasi za maelekezo na jinsi zinavyoelezwa na mafundi na wateja wao katika miji ya Butembo na Beni. Mfano huo umechaguliwa kwa kuwa ni mahali ambapo neno lisilotosha halileti aibu ya kisarufi tu. Laweza kuunguza nyumba.

Miji na lugha zake

Butembo na Beni ziko Kivu ya Kaskazini, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zikitenganishwa na kilomita 54 hivi za barabara. Lugha ya nyumbani kwa walio wengi ni Kinande. Kifaransa ni lugha ya shule na ofisi. Kiswahili, mojawapo ya lugha nne za taifa zilizotajwa katika Katiba ya mwaka 2006, ni lugha ya soko, ya gereji, ya kituo cha pikipiki na ya meza ya fundi. Wafanyabiashara wa Butembo wanajulikana kwa safari zao za Dubai na Guangzhou, na bidhaa nyingi huingia kwa njia ya mpaka wa Kasindi. Jiko la gesi linapofika nyumbani kwa mtu, basi, limekwisha kupita katika lugha nne au tano kabla halijawashwa mara ya kwanza, na karatasi iliyomo ndani ya boksi lake mara nyingi haina hata moja kati ya zile ambazo mpishi huzitumia akizungumza na watoto wake.

Walio wengi bado hupika kwa kuni na makala. (Neno hili lenyewe lataka tahadhari: Mkongo wa mashariki asemapo makala humaanisha kile ambacho Kiswahili sanifu hukiita makaa, hivi kwamba mwanafunzi wa Butembo anayeambiwa asome "makala haya" ana haki ya kutabasamu.) Sehemu ya makala hayo huchomwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925, na tangu mfululizo wa mauaji ulioanza Oktoba 2014 katika eneo la Beni, kwenda porini kutafuta kuni kumekuwa ni kuihatarisha roho. Kwa hiyo gesi, ingawa ni ya wachache, si anasa tupu. Tanzania ilizindua Mei 2024 mkakati unaolenga asilimia 80 ya wananchi kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na msemo huo "nishati safi ya kupikia" umekwisha kuenea redioni hata nje ya mipaka yake. Ni istilahi nzuri. Lakini imempa mpishi jina la kitu anachopaswa kukipenda bila kumpa maneno ya kueleza kitu hicho kinapougua.

Karatasi ya maelekezo kama matini

Karatasi ya maelekezo ni matini yenye kanuni zake, na mojawapo ni jedwali la kasoro, ambalo huwa karibu na mwisho: safu moja ya tatizo, ya pili ya sababu, ya tatu ya suluhisho. Mpangilio huu huonekana kuwa wa kimantiki. Ukichunguzwa, ni mpangilio wa mtu anayejua tayari. Safu ya kwanza humtaka msomaji alitaje tatizo kwa jina lake, ilhali kulipata jina hilo ndiyo kazi yenyewe.

Matini za aina hii zinapofasiriwa kwa Kiswahili, mara nyingi kutoka Kiingereza au Kifaransa, zinachukua pamoja nazo tabia ya lugha hizo ya kugeuza kila tukio kuwa nomino. Sentensi ya mfano ingekuwa: "Kutokuwepo kwa cheche: usafishaji wa elektrodi ufanyike." Kisarufi haina kosa. Lakini hakuna mzungumzaji wa Kiswahili, wa Unguja wala wa Butembo, ambaye angemwita jirani yake na kumwambia kwamba kuna kutokuwepo kwa cheche. Angesema cheche hazitoki. Tofauti si ya mtindo peke yake. "Hazitoki" ina kiambishi cha mtenda, ina ukanushi, ina wakati. Inaweza kupanuliwa mara moja kuwa "hazijatoka", "hazitoki tena", "zilikuwa zikitoka", "zikitoka hazifiki". "Kutokuwepo" ina ukanushi tu, haina kiambishi cha mtenda wala wakati. Ni kama picha iliyopigwa baada ya tukio kwisha, na fundi hahitaji picha. Anahitaji kujua nini kilitangulia na nini kikafuata.

"Haliwaki"

Malalamiko ya kwanza ya mteja yeyote ni kwamba jiko haliwaki. Kauli hii moja hubeba angalau kasoro nne zisizofanana, na kila moja ina kipuri chake.

Yawezekana kwamba kitufe kinabonyezwa na hapana cheche yoyote. Hapo swali la kwanza ni kama meko yote yamenyamaza au ni moja tu. Yakiwa yote, basi lawama iko kwenye chanzo cha pamoja: betri ya volti 1.5 iliyokwisha au iliyoota kutu, waya wa umeme uliochomolewa, au kile kisanduku kidogo kinachozalisha cheche. Ikiwa ni moja, kisanduku hakina hatia, na macho yahamie kwenye ncha ya meko hiyo, waya wake, au swichi iliyo nyuma ya kitasa chake. Yawezekana pia kwamba cheche zinatoka na gesi haifiki: mtungi umefungwa au umekwisha, au matundu ya meko yamezibwa na ugali uliofurika. Yawezekana cheche na gesi vyote viwili vipo na havikutani, kwa kuwa kifuniko cha meko kimewekwa upande, au ncha imepinda, au udongo wake mweupe wa kaure umepasuka na cheche inarukia bati chini ya jiko badala ya kurukia meko. Mwisho, yawezekana jiko linawaka vizuri, likazimika mara tu kitasa kinapoachiwa. Kasoro hii ya mwisho haihusu kiwashio hata kidogo, ingawa mteja huileta kwa jina lile lile.

Hapa ndipo unyambulishaji wa Kiswahili, ambao hufundishwa madarasani kana kwamba ni zoezi la kupanga viambishi, unapoonyesha kazi yake. Kati ya waka, washa na washika kuna karibu uchunguzi mzima. "Haliwaki" huzungumzia jiko peke yake. "Haliwashiki" hueleza kwamba kuna mtu aliyejaribu, tena kwa njia zaidi ya moja, na akashindwa. "Haliwashi" ni kauli ya kiwashio: kinachotakiwa kuwasha hakiwashi. Na yule asemaye "ukiliwasha kwa kiberiti linawaka" amekwisha kufanya nusu ya kazi ya fundi, maana amethibitisha kwamba gesi inafika na matundu yako wazi, na lawama yote imebaki kwa cheche. (Jaribio hilo lina adabu yake: kiberiti huwashwa kwanza, gesi hufunguliwa baadaye, kamwe si kinyume.) Hali kadhalika, "linawaka likazimika" ina -ka- ya mfuatano, na -ka- hiyo ndiyo inayomwambia fundi kwamba tatizo lipo baada ya mwako, si kabla yake. Katika jedwali lililojaa nomino, -ka- haina pa kukaa.

Upungufu wa kitenzi waka nao usifichwe. Kitenzi hiki ni kipana mno. Taa huwaka, moto huwaka, redio huwaka, gari huwaka. Upana huo ni hatari hasa kwa oveni za Marekani ya Kaskazini, ambazo Waafrika Mashariki waishio huko huzijua. Nyingi kati ya hizo hazina cheche. Zina kijiti kinachopashwa joto na umeme hadi king'ae, na umeme huo huo ndio unaofungua vali ya gesi. Kijiti kinapozeeka huendelea kung'aa, lakini hakipitishi tena mkondo wa ampea 3 na ushei unaohitajika ili vali ifunguke. Mwenye oveni huchungulia, huona wekundu, husema kiwashio "kinawaka", na huenda kununua vali ambayo haikuwa na ubovu. Kung'aa si kuwaka, na kuwaka si kuwasha. Mwandishi wa maelekezo ya Kiswahili asiyetenganisha vitenzi hivi vitatu atamgharimu msomaji wake fedha.

Kiswahili cha Kivu na madai ya umaskini

Watetezi wa kile kinachoitwa hapa Kiswahili bora hudai kwamba Kiswahili cha Kivu hakiwezi kubeba elimu ya ufundi kwa kuwa kimepoteza upatanisho wa ngeli. Mteja wa Butembo husema: "Papa fundi, jiko imekataa kuwaka," na mwalimu aliye karibu husikia makosa mawili: jiko limevikwa kiambishi kisicho chake, na kitu kisicho na roho kimepewa hiari ya kukataa.

Kuhusu la pili, mwalimu amekosea kuona kosa. "Imekataa" si sawa na "haiwaki". Kitu hakikatai ila kilikuwa kikikubali. Kitenzi hicho kinampa fundi historia: jiko lilifanya kazi, likaacha. Jiko ambalo halijawahi kuwaka tangu litoke katika boksi huelezwa vingine, na kasoro zake ni nyingine pia; huwa ni za uungaji, kama waya ambao haukuchomekwa au kifuniko kilichogeuzwa. Aidha, Kiswahili cha Kivu kina njeo ya hali ya kuendelea, "iko nawaka", ambayo husimama mbali na "inawaka". Ya kwanza ni ya sasa hivi, mbele ya macho. Ya pili yaweza kuwa ya sasa, yaweza kuwa ya kawaida. Fundi akiuliza kutoka nje na akajibiwa "iko nawaka", anajua moto upo. Akijibiwa "inawaka", bado ana swali la kuuliza. Kiswahili sanifu huyaachia maana haya mawili neno moja na kumtaka msikilizaji atafute muktadha. Nassenstein na Bose, katika kitabu chao kifupi kuhusu Kiswahili cha Kivu (2016), wameilinda lahaja hii dhidi ya dharau kwa kuieleza tu kama ilivyo, nayo ni njia iliyo bora kuliko kuisifu.

Kuhusu la kwanza, hata hivyo, mwalimu ana hoja, na uhakiki usiomkubalia hapo ungekuwa wa upendeleo. Katika Kiswahili sanifu, "inatoka" na "zinatoka" hutenganishwa na silabi moja, na silabi hiyo ndiyo inayotenganisha gesi na cheche. Pale ambapo usemi wa kila siku hulifunika jambo hilo kwa "iko natoka" kwa vitu vyote, silabi hiyo haipo tena. Mafundi hulitatua tatizo hili kwa kurudia nomino: gaz iko natoka, moto iko natoka, kila mara kwa jina. Ni suluhisho lenye maneno mengi, lakini linafaa zaidi ya linavyodhaniwa, kwa sababu mikono ikiwa ndani ya jiko na kelele za barabara zikiwa masikioni, nomino husikika na kiambishi husahaulika.

Suala hili si la nadharia katika miji hii. Wakati wa mlipuko wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020, ambao uliua watu 2,287 na ambao Beni na Butembo zilikuwa miongoni mwa vitovu vyake, ilionekana wazi kwamba ujumbe wa Kifaransa, au wa Kiswahili kilichoandikwa mbali, haukuwafikia wengi kama ujumbe uliosemwa kwa Kiswahili cha mahali na kwa Kinande. Ugonjwa na jiko si vitu vya kulinganishwa kwa uzito. Ila njia ambayo neno hupotelea ni ile ile.

Gesi inatoka

Kati ya sentensi zote za uwanja huu, hakuna inayostahili kuogopwa kuliko "gesi inatoka". Katika hatua moja ya uchunguzi ni habari njema: kitasa kimefunguliwa, sauti ya mvumo inasikika kwenye meko, gesi inatoka. Katika hatua nyingine ni tangazo la maafa: kitasa kimefungwa, na bado gesi inatoka. Kiswahili sanifu kina "kuvuja" kwa hali ya pili, na kitenzi hicho hakina budi kuhimizwa, kwani kinabeba ndani yake maana ya kutoka pasipotakiwa. Kiswahili cha Kivu kikiazime bila haya. Hapa hapana suala la usanifu wala lahaja. Ni suala la kuwa na maneno mawili kwa mambo mawili.

Gesi ya mitungi, butani na propani, ni nzito kuliko hewa. Haipandi darini kama moshi wa kuni, moshi ambao vizazi vya wapishi vimejifunza kuukimbia kwa kuinama. Hushuka, hutambaa sakafuni, hujaa pembeni na chini ya meza, na hungoja. Maelekezo mengi husema "fungua madirisha", na msomaji aliyezoea moshi hufungua kidirisha cha juu. Ingalifaa yaseme kwanza: funga mtungi, fungua mlango, usiguse swichi yoyote ya umeme. Gesi hiyo kwa asili yake haina harufu. Harufu ile kali huongezwa makusudi ili pua ipate kuonya. Kwa hiyo jozi ya nuka na nusa nayo ni ya kiufundi. Ikinuka bila kunuswa, hatari imekwisha kuwa kubwa. Kiungo kinachoshukiwa hupakwa povu la sabuni, na mapovu yakivimba mahali, hapo ndipo panapovuja. Kupima kwa njiti ya kiberiti ni kujichimbia kaburi.

Buji na nduguze

Nomino nazo zina habari yake, na iliyo tamu zaidi ni buji, kutoka bougie ya Kifaransa. Kwa Kifaransa neno hilo ni mshumaa. Ni plagi ya kuwashia injini. Na ni ile ncha ya chuma iliyovikwa kaure ambayo hutoa cheche kando ya meko. Butembo na Beni ni miji ya pikipiki, na buji ya pikipiki inajulikana na kila kijana. Ndiyo maana fundi akisema buji ya jiko imekufa, mteja huelewa mengi kwa mara moja: kwamba kuna kaure, kuna ncha, kuna waya unaoleta umeme mkali, na kwamba cheche ni lazima iruke pengo. Hakuna "elektrodi" inayoweza kumpa elimu yote hiyo. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi angesema plagi, na angejikuta katika utata wake mwenyewe, kwa kuwa plagi ni pia ile inayochomekwa ukutani. Wala Kifaransa hakikosi mitego kwa mgeni: courant, umeme, mdomoni mwa wengi hupoteza mwisho wake wa puani na kukaribia sana "kura", na Mtanzania anayeambiwa kwamba kura imekatika atafikiria uchaguzi kabla ya jiko.

Lakini mfano mzuri hupotosha pale unapokuwa mzuri mno. Pengo la buji ya pikipiki halifiki hata milimita 1. Pengo kati ya ncha ya jiko na meko kwa kawaida ni milimita 3 hadi 5. Fundi wa pikipiki anayegeukia majiko na kulibana pengo kwa mazoea yake hupata cheche nono inayoonekana vizuri na isiyowasha, kwa kuwa inaruka mahali ambapo gesi haijachanganyika na hewa ya kutosha. Neno limemsaidia kukijua kitu na limemdanganya juu ya kipimo.

Istilahi kiwashio, ambayo imetumika katika makala haya kwa urahisi, haina budi kuhakikiwa pia. Imeundwa vyema, lakini inafunika vitu vitatu ambavyo huharibika kila kimoja kwa wakati wake: kitufe au swichi inayoamuru, kisanduku kinachozalisha cheche, na ncha inayoitoa. Katika majiko madogo kitufe na kisanduku ni kitu kimoja: nyundo ndogo yenye springi hugonga fuwele, na fuwele ikibanwa hutoa umeme wa maelfu ya volti bila betri yoyote. Jambo hilo liligunduliwa na ndugu wawili Wafaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880. Mteja anayekwenda sokoni kuomba "kiwashio" atarudi na kitu kimojawapo kati ya vitatu. Maneno ya kawaida yanatosha kuvitenganisha: kitufe, kisanduku cha cheche, ncha ya cheche. Tena njia ya kugundua ni kipi kibovu haihitaji chombo cha kupimia. Waya wa meko inayonyamaza huchomekwa mahali pa waya wa meko inayofanya kazi. Unyamavu ukihama pamoja na waya, ubovu uko kwenye waya au ncha. Ukibaki pale pale, uko kwenye kisanduku. Haya yote hufanywa mtungi ukiwa umefungwa na waya wa ukutani umechomolewa, isipokuwa ule muda mfupi wa kujaribu cheche, ambapo mtungi hubaki umefungwa. Ncha mpya iwe na kaure ya umbo lile lile na waya wa urefu ule ule. Waya usivutwe kwa mwili wake; hushikwa kichwani.

Kipuri kinachopewa lawama isiyo yake ni kile kijiti cha shaba kinachokaa ndani ya mwale, ambacho vitabu hukiita themokapuli. Kazi yake hutegemea jambo lililoelezwa na Seebeck mwaka 1821: metali mbili zilizounganishwa, upande mmoja ukipata joto, huzaa umeme. Umeme huo ni mdogo mno, milivolti 20 hadi 30 hivi, lakini unatosha kuishikilia vali isijifunge. Kitenzi hapa ni kushikilia. Karatasi ya maelekezo humwambia mpishi ashikilie kitasa kwa sekunde 10, na haimwambii kwamba anashikilia kwa niaba ya kijiti mpaka kijiti kipate joto na kuipokea kazi. Asiyeambiwa hivyo huona amri ya kipuuzi, na baada ya wiki hukibana kitasa kwa kijiti cha mti au hufunga kwa mpira ili moto usizimike. Kwa kufanya hivyo amemwondoa mlinzi mlangoni: chungu kikifurika na kuzima moto, gesi itaendelea kumwagika. Themokapuli iliyochafuka husuguliwa kwa brashi laini, iliyolegea nati hukazwa kwa vidole na robo zamu ya spana, si zaidi, iliyokufa hubadilishwa. Sentensi moja yenye kitenzi sahihi ingefanya kazi ambayo onyo lenye herufi kubwa halijaifanya.

Sauti

Limebaki jambo ambalo wataalamu wa istilahi hawajaligusa, pengine kwa kuliona la kitoto. Jiko la gesi huchunguzwa kwa sikio kabla ya jicho. Cheche nzima hulia ta-ta-ta-ta, kavu, kwa mwendo sawa. Betri inayokufa hulia ta... ta..., kila moja ikichelewa kuliko iliyotangulia. Cheche inayopotelea kwenye kaure iliyopasuka husikika butu, tena chini, si juu kwenye meko. Unyevu ukiingia nyuma ya kitasa baada ya kuosha jiko kwa maji mengi, sauti haikomi hata kitasa kikirudishwa mahali pake, na dawa yake ni kuchomoa waya na kuliacha likauke siku nzima, wala si kununua kitu. Na kimya jii, cha meko zote, kimekwisha kusemwa hapo juu.

Tanakali sauti hufundishwa katika vyuo chini ya fasihi simulizi, pamoja na vitendawili na ngano. Mafundi wa Butembo huzitumia kama vipimo. Mama anayepiga simu kwa fundi na kuiga mdomoni sauti ya jiko lake amempa habari ambayo jedwali lenye safu tatu halina mahali pa kuiandika. Mwandishi wa kwanza wa maelekezo ya jiko kwa Kiswahili cha Kivu, atakapopatikana, angefanya vyema aanze safu yake ya kwanza kwa sauti hizo, akizipanga toka ile iliyo nzima hadi ile isiyosikika, na kando ya kila moja aweke kitenzi, na kando ya kitenzi ndipo aweke jina la kipuri cha kununua.